Mgonjwa wa pumu huridhika na ushauri wa duka la dawa, lakini je, anajua kuitumia inhela?

WAGONJWA wanaoombwa maoni kuhusu ushauri wanaopewa na wafamasia kwa kawaida hutoa alama za juu. Watasema mhudumu alikuwa na adabu, alieleza vyema na hakuwachelewesha. Wagonjwa hao hao, ikiwa ni wa pumu, wakiombwa waitoe inhela mfukoni na kuonyesha jinsi wanavyoitumia, picha inayojitokeza huwa tofauti kabisa.

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Chest lilichapisha uchambuzi wa watafiti walioongozwa na Joaquín Sanchis wa Uhispania. Walikuwa wamekusanya makala 144 ya kitaalamu yaliyoandikwa kati ya 1975 na 2014, yakihusu zaidi ya watu 54,000 waliochunguzwa wakivuta dawa kwa inhela, kile kifaa kidogo ambacho baadhi ya watu hukiita pampu. Waliokitumia kwa usahihi walikuwa asilimia 31 pekee. La kutia wasiwasi zaidi ni kwamba katika kipindi hicho cha takriban miaka 40 hali haikuwa imeboreka.

Suala hili lina uzito kwetu kwa sababu, kila inapotakiwa kuthibitishwa kwamba huduma fulani ya afya ni nzuri, ushahidi unaotolewa haraka ni kwamba wateja wameridhika. Hospitali huweka visanduku vya maoni. Maduka makubwa ya dawa nayo humtumia mteja ujumbe kwenye simu akiombwa kutoa alama kati ya moja na tano. Kwa maradhi mengi kipimo hicho hakina madhara makubwa. Kwa pumu kinaweza kupotosha, na upotovu huo una gharama ya maisha.

Ugonjwa unaotegemea mkono wa mgonjwa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 262 walikuwa wakiugua pumu mwaka 2019, na kwamba ugonjwa huo ulisababisha vifo 455,000 mwaka huo. Vingi vya vifo hivyo hutokea katika mataifa ya kipato cha chini na cha wastani, ambako wengi hawapimwi mapema na dawa si rahisi kupatikana.

Mtu mwenye pumu huwa na uvimbe katika njia za hewa ndani ya mapafu kwa muda mrefu, hata siku ambazo hahisi chochote. Njia hizo zikichokozwa na vumbi, moshi wa jiko la kuni, baridi ya Julai au hata mafua ya kawaida, misuli inayozizunguka hukaza, ute huongezeka na hewa hukosa nafasi ya kupita. Ndipo mgonjwa hukohoa, kifua kikapiga mluzi na pumzi zikamwishia.

Dawa zake ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya kutuliza. Inayojulikana zaidi ni salbutamol, ambayo mara nyingi huuzwa katika inhela ya rangi ya samawati na hulegeza misuli ndani ya dakika chache. Ya pili ni ya kuzuia, yenye steroidi ya kuvutwa kama vile beclometasone au budesonide. Hii hupunguza uvimbe polepole, kwa siku na majuma, na mgonjwa anapoivuta haoni tofauti yoyote papo hapo.

Hapo ndipo kuna mtego. Dawa ya kutuliza humfurahisha mgonjwa mara moja ilhali haigusi uvimbe. Ya kuzuia ndiyo humlinda, lakini haimpi sababu ya kushukuru jioni ile. Asipopata wa kumweleza tofauti hiyo, atafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: ataendelea kununua ile ambayo ameona kwa macho yake ikifanya kazi, na ile nyingine ataiacha ipate vumbi kabatini.

Mwaka 2019 Mpango wa Kimataifa wa Pumu, unaofahamika kwa kifupi kama GINA, uliacha kupendekeza kwamba watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kutuliza inayofanya kazi kwa muda mfupi pekee. Kila mmoja wao anapaswa kupata steroidi ya kuvutwa, ama kila siku au pamoja na dawa ya kutuliza kila anapoihitaji. Mwongozo huo unatahadharisha kwamba anayemaliza inhela tatu au zaidi za dawa ya kutuliza kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kushambuliwa vikali, na anayemaliza 12 au zaidi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa kawaida inhela moja ya salbutamol huwa na mipulizo 200.

Uingereza ilijifunza hayo kwa machungu. Ripoti iliyotolewa mwaka 2014 na Chuo cha Kifalme cha Madaktari ilichunguza vifo 195 vilivyotokana na pumu. Miongoni mwa wagonjwa 165 ambao idadi ya inhela zao za kutuliza ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka uliotangulia kifo chao. Sita walikuwa wameandikiwa zaidi ya 50.

Hakuna aliyeweza kuwauliza marehemu hao kama waliridhika na huduma. Tunachojua ni kwamba mtu anayekabidhiwa inhela zaidi ya 50 kwa mwaka hufika mbele ya mtoa dawa karibu kila juma, na kila mara huondoka na alichokifuata.

Nyuma ya dirisha la vyuma

Kwa Wakenya wengi duka la dawa, au kemisti kama tunavyoliita mitaani, ndilo zahanati ya kwanza. Halina foleni ya asubuhi nzima, halidai kadi ya kliniki, na hufunguliwa hadi usiku. Anayehudumu ndani huitwa "daktari", awe na shahada, awe na stashahada au asiwe na chochote.

Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inataka biashara ya dawa isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa au mwanateknolojia wa famasia aliyeandikishwa. Bodi ya Famasia na Sumu hufanya misako ya mara kwa mara na kufunga maduka yasiyo na leseni. Hata hivyo, leseni kutundikwa ukutani ni jambo moja na mwenye leseni kuwapo dukani ni jambo jingine. Katika mitaa mingi anayekutana na mgonjwa ni kijana aliyeajiriwa kuuza, ambaye amejifunza majina ya dawa kwa kuyasoma kwenye rafu.

Mazungumzo kati ya wawili hao hayachukui muda.

"Daktari, nipe ile ya samawati."

"Moja, mama?"

"Moja."

Pesa hupita chini ya vyuma vya dirisha, dawa ikatoka kwa njia iyo hiyo. Nyuma ya mama huyo wapo watu watatu wanaosubiri, wote wakisikiliza, na mmoja wao huenda ni jirani. Hata kama angetaka kuuliza kwa nini amekuwa akiamka usiku kukohoa, hapo si mahali pa kuuliza. Akibahatika ataandikiwa kwa kalamu juu ya pakiti: 2×3.

Alama hiyo tunaijua sote tangu utotoni. Kwa tembe inatosha, kwa kuwa kumeza hakuhitaji kufundishwa. Kwa inhela inasema ni mara ngapi bila kugusia ni vipi. Karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya pakiti nayo aghalabu huwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo ambazo mzee asiye na miwani hawezi kuzisoma hata akijua lugha hiyo.

Huyu mama akitumiwa ujumbe jioni hiyo aitathmini huduma, atatoa alama gani? Nadhani atatoa tano. Alihudumiwa haraka, aliitwa kwa heshima, na aliipata dawa aliyoitaka.

Uradhi hupimwa kwa kile mtu alichotarajia

Wataalamu waliligundua tatizo hili zamani. Mwaka 1994 mtafiti Brian Williams aliandika katika jarida la Social Science & Medicine akihoji iwapo kuridhika kwa mgonjwa ni kipimo halali hata kidogo. Hoja yake ilikuwa kwamba mgonjwa anaposema ameridhika si lazima awe ameipima huduma. Huenda hakuwa na matarajio yoyote, au anaamini kwamba si kazi yake kumhukumu mtaalamu.

Maneno hayo yanatuhusu sisi moja kwa moja. Mtu ambaye hajawahi kuelezwa na mfamasia jinsi ya kuvuta dawa hawezi kulalamika kwamba hakuelezwa, maana hajui kama ni haki yake. Wapo pia wanaojua lakini wananyamaza. Kemisti wa mtaani ndiye humkopesha mtu dawa mwisho wa mwezi mfuko unapokuwa mtupu, na wahenga walinena kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Ni nani atakayemtia dosari mtu ambaye huenda akamhitaji saa sita za usiku mtoto akishindwa kupumua?

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, Lon Larson na wenzake, walichapisha hojaji ya kupima jinsi wagonjwa wanavyoridhika na huduma za wafamasia. Waligundua kwamba majibu hugawika katika mafungu mawili: maelezo ya kirafiki kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine kazi ya mfamasia ya kumsaidia mgonjwa kuisimamia tiba yake. Mgawanyo huo una manufaa. La kwanza hata mtu asiye na mafunzo yoyote ya dawa anaweza kulifanya akiwa na tabasamu. La pili linahitaji elimu, muda na kumbukumbu za mgonjwa, na ndilo linalomfaa mwenye pumu. Hojaji fupi za siku hizi, zenye swali moja la alama kati ya moja na tano, huyachanganya yote mawili katika chungu kimoja.

Kuna utafiti mwingine ambao hutajwa sana. Joshua Fenton na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwafuatilia Wamarekani wazima zaidi ya 51,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012. Wagonjwa walioridhika zaidi na madaktari wao ndio waliolazwa hospitalini zaidi, na pia ndio waliokuwa na viwango vya juu zaidi vya vifo. Hiyo haimaanishi kwamba kuridhika kunaua, na mtu asije akalichukulia hivyo. Inaonyesha tu kwamba kumpa mgonjwa anachokitaka na kumpa kinachomfaa si lazima viwe kitu kimoja.

Mfano ulio karibu nasi ni wa tembe. Wapo wagonjwa wengi wanaoiogopa inhela. Wanaamini ni ya mtu aliye karibu kufa, kwamba humzoesha mtumiaji asiweze kuishi bila hiyo, au kwamba ni kali kupita kiasi kwa mtoto. Kwa hiyo huomba tembe za salbutamol, au dawa ya maji kwa ajili ya watoto, ambazo ni za bei nafuu.

Hesabu inasema kinyume. Mpulizo mmoja wa inhela ya kawaida ya salbutamol una maikrogramu 100 za dawa. Tembe moja ya miligramu 4 ina maikrogramu 4,000, yaani kiasi sawa na mipulizo 40. Dawa hiyo ya kumeza huzunguka mwili mzima kabla ya kuyafikia mapafu, ikachelewa kuleta nafuu huku ikiuendesha moyo mbio na kuitetemesha mikono. Ndiyo maana mwongozo wa GINA hauipendekezi.

Sasa chukua maduka mawili. Katika la kwanza mteja aliyeomba tembe anapewa tembe na kuambiwa karibu tena. Katika la pili mfamasia anamwambia, "Mzee, hebu tuzungumze kidogo kuhusu hizi tembe," kisha anamshauri anunue kitu cha bei ya juu zaidi ambacho anakiogopa. Ni duka lipi litapata alama tano?

Dakika mbili za mafunzo

Kinachohitajika si hotuba. Kwa inhela ya kawaida ya kubonyezwa, mgonjwa huondoa kifuniko na kuitikisa. Ikiwa ni mpya au imekaa siku kadhaa bila kutumika, hupuliza hewani kwanza. Kisha hutoa pumzi nje taratibu, huziba mdomo wa inhela vizuri kwa midomo yake, huanza kuvuta pumzi polepole na kwa kina, na wakati uo huo hubonyeza mara moja. Huendelea kuvuta hadi mapafu yajae, halafu huizuia pumzi kwa sekunde kumi au kadiri awezavyo. Akihitaji mpulizo wa pili husubiri nusu dakika hivi, aitikise tena na kurudia. Ikiwa dawa ni ya steroidi husukutua mdomo na kuyatema maji, ili asipate utando mweupe wa ukungu kinywani.

Kosa la kawaida ni kubonyeza kabla ya kuanza kuvuta, au kuvuta kwa kasi kama mtu anayeshtuka. Dawa huishia kwenye ulimi na kooni. Mgonjwa huhisi ladha yake, akaamini ameitumia.

Zipo inhela nyingine ambazo dawa yake ni ya unga, na hizo zina kanuni tofauti: mgonjwa anapaswa kuvuta kwa nguvu na kwa kasi. Kwa hiyo mtu anayeagizwa "vuta tu" bila kuangaliwa kifaa alichonacho hajasaidiwa lolote.

Kwa watoto, na kwa yeyote asiyeweza kulinganisha kubonyeza na kuvuta, hutumika chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya inhela na mdomo ili dawa itulie humo kabla ya kuvutwa. Anayeona chombo hicho ni ghali ana njia nyingine. Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti katika jarida la Lancet mwaka 1999 wakionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitakoni tundu linaloibana inhela barabara na kuzibwa pembeni, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na chombo cha kununuliwa. Ni ajabu kwamba robo karne baadaye wapo wazazi wanaorejea nyumbani na inhela ya mtoto wa miaka mitatu bila ya kuambiwa habari za chupa hiyo.

Kusema peke yake hakutoshi. Anayefundisha anapaswa kuonyesha kwa inhela isiyo na dawa, kisha amwombe mgonjwa naye aonyeshe, amsahihishe, na amwombe arudie. Kazi hiyo huchukua dakika mbili au tatu. Watafiti wa Sydney, Australia, walichapisha mwaka 2007 matokeo ya mpango wa aina hiyo ulioendeshwa na wafamasia katika maduka yao, ambapo mafunzo yalichukua wastani wa dakika mbili na nusu na kurudiwa kila mwezi. Wagonjwa walivuta dawa vizuri zaidi na pumu yao ikadhibitika zaidi. Kurudiwa huko kuna sababu. Ujuzi wa kuvuta inhela hupotea upesi, na mwongozo wa GINA husema mara nyingi huanza kudorora ndani ya majuma manne hadi sita.

Kuna kikwazo ambacho wataalamu wenyewe hawapendi kukitaja hadharani. Uchambuzi wa Vicente Plaza na wenzake uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya tafiti 55 zilizowapima wahudumu wa afya zaidi ya 6,000, wakiwemo madaktari, wauguzi na wafamasia. Walioweza kuitumia inhela kwa usahihi walikuwa asilimia 15.5. Kwa maneno mengine, mwalimu alifanya vibaya kuliko wanafunzi waliopimwa na kina Sanchis. Ushauri unaweza kutolewa kwa upole, kwa Kiswahili sanifu na kwa mgonjwa aliyetulia, na bado ukawa wa makosa tangu mwanzo hadi mwisho. Mgonjwa hana njia ya kulijua hilo, na alama atakayoitoa haitalifichua.

Nani atazilipia dakika hizo?

Wafamasia huwa na jibu la haki wanapolaumiwa. Duka hupata pato lake kwa kuuza dawa. Hakuna senti inayopatikana kwa kumfundisha mtu kuvuta pumzi, na kila dakika inayotumiwa kwa mteja mmoja ni mteja mwingine anayevuka barabara kwenda kwa mshindani. Katika biashara iliyojaa ushindani kama hii, anayefundisha ndiye anayepata hasara.

Kuna mataifa yaliyoliona hilo na kuchukua hatua. Finland ilianzisha mpango wa kitaifa wa pumu mwaka 1994 uliodumu miaka kumi, na maduka ya dawa yalishirikishwa tangu mwanzo. Karibu kila duka lilikuwa na mhudumu aliyekabidhiwa jukumu la pumu na kupewa mafunzo. Siku ambazo wagonjwa wa pumu walilazwa hospitalini zilipungua kutoka takriban 110,000 mwaka 1993 hadi 51,000 mwaka 2003. Bila shaka maduka ya dawa hayakuyaleta mafanikio hayo peke yake, kwani matumizi ya dawa za kuzuia pia yaliongezeka sana. Lakini hayakuachwa kando.

England nayo ilianzisha mwaka 2011 huduma inayomlipa mfamasia kwa kuzungumza na mgonjwa aliyeandikiwa dawa mpya, na pumu ilikuwa miongoni mwa maradhi ya mwanzo kujumuishwa. Mfamasia humtafuta mgonjwa baada ya juma moja au mawili kujua kama ameanza dawa na ni matatizo gani amekumbana nayo, kisha huzungumza naye tena baadaye.

Hapa kwetu sheria iko upande wa mgonjwa, angalau katika maandishi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Inhela iliyouzwa bila maelezo ni bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kufaidika nayo kikamilifu, na sidhani kama panahitajika wakili kulithibitisha hilo.

Mageuzi ya bima ya afya yalitoa fursa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina tatu, mojawapo ikiwa ya huduma za afya ya msingi na nyingine ya dharura na magonjwa sugu, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Mjadala wa umma tangu wakati huo umetawaliwa na madeni ya hospitali na makato ya mishahara. Sijasikia mwanasiasa akiuliza kama malipo kidogo kwa mfamasia anayemfundisha mgonjwa wa pumu, kisha kumpima tena baada ya mwezi, yangeweza kuokoa gharama ya kumlaza mgonjwa huyo huyo wodini. Swali hilo linastahili kujaribiwa katika kaunti mbili au tatu kabla ya kujibiwa.

Bodi ya Famasia na Sumu nayo haihitaji sheria mpya ili kuanza. Mkaguzi anayeingia dukani kutazama leseni na tarehe za dawa kuharibika anaweza pia kumwambia aliye dirishani: nionyeshe unavyomfundisha mteja kuitumia hii. Gharama ya inhela tupu ya kufundishia ni ndogo. Anayeshindwa arudishwe darasani kabla ya kuruhusiwa kuziuza.

Tafiti za kuridhika nazo ziendelee, lakini maswali yabadilishwe. WHO, katika viashiria vyake vya matumizi ya dawa vya mwaka 1993, ilipendekeza kupimwa kwa vitu kama muda anaotumia mtoa dawa na mgonjwa, na iwapo mgonjwa anajua kipimo sahihi cha dawa yake. Maswali kwa mgonjwa wa pumu yangekuwa rahisi vivyo hivyo. Je, kuna mtu aliyekuonyesha? Je, ulitakiwa uonyeshe? Ni inhela gani kati ya hizi ambayo unapaswa kuivuta hata siku ambazo hujisikii mgonjwa? Umemaliza ngapi za samawati tangu Januari?

Kuna jambo ambalo ushauri hauwezi kulitatua, nalo ni bei. Inhela ya dawa ya kuzuia, hasa ile iliyochanganywa na dawa ya kutuliza ya muda mrefu, hugharimu mara kadhaa kuliko ya samawati, na vituo vya umma huishiwa nayo. Mfamasia anaweza kueleza hadi sauti imkauke; ikiwa mgonjwa ana pesa za inhela moja tu, atanunua ile itakayomwezesha kulala usiku huo. Kaulimbiu ya Siku ya Pumu Duniani mwaka 2025 ilikuwa kuhusu jambo hilo hasa, yaani kuhakikisha kwamba dawa za kuvutwa zinawafikia watu wote.

Siku hiyo huadhimishwa kila Jumanne ya kwanza ya Mei, na hapa nchini kwa kawaida hupita kwa hotuba na fulana. Chama cha Wafamasia kingeweza kuitumia kwa kuweka meza nje ya maduka ya dawa, kila mpita njia mwenye inhela akaombwa aitoe na kuonyesha anavyoivuta, huku mtu akihesabu wanaopatia na wanaokosea. Wahudumu wa maduka hayo wapimwe pia, tena mbele ya wateja wao, na hesabu zote mbili zitangazwe kaunti kwa kaunti.